Invoisi ilisema 0.25, beringi ikasema STD

Gari ilianza kugonga ikiwa imetembea kilomita 1,380 tangu itoke kushushwa injini. Sio kelele ya tapeti, tapeti zinakwenda chapchap juu juu kama cherehani, hii ilikuwa inatoka chini kabisa, nzito, ko ko ko, na nikikanyaga mafuta kidogo inaongezeka, nikiachia inapungua. Nilijua hapo hapo kwamba kuna kitu hakiko sawa maana taa ya oili nayo ilikuwa imeshaanza kumulika kila injini ikipata moto na gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye foleni.

Nikampigia fundi aliyefanya kazi. Akaniambia, "Dada, injini mpya ndo zilivo, inazoea, endesha tu." Mi sikuendesha. Na kama kuna kitu kimoja nashukuru kwenye hii stori yote ni hicho, nilizima gari pale pale pembeni ya barabara nikaita brekidauni, kwa sababu injini inayogonga chini ukiendelea nayo inaenda kunoki kabisa, na ikishanoki konrodi, ule mkono unaounga pistoni na krenki, ikatoka nje ya bloku basi ushahidi wako wote umesagwa, unabaki na chuma kilichovunjika na kila mtu anakulaumu wewe.

Nirudi nyuma kidogo. Gari ilikuwa inakula oili, karibu lita moja kwa kila kilomita elfu, asubuhi inatoa moshi wa bluu, kwahiyo ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuifanya upya, ilikuwa inahitajika kweli, hilo sibishi. Gereji wakanipa orodha ya kazi: pistoni na ringi mpya, kuchonga krenki, beringi mpya za mein (zinazobeba krenki yenyewe) na za konrodi, kusawazisha silinda hedi, gasketi zote, pampu ya oili. Mi nikawaomba kitu kimoja, waandike kila kazi mstari wake, na saizi ya kila spea. Yule dada wa ofisini akaandika kwa mkono, vizuri tu, na kwenye mstari wa nne ukasomeka "krenki imechongwa 0.25, beringi mein + konrodi 0.25". Sikuwa na akili ya kesi wakati ule, nilitaka tu kujua hela yangu inaenda wapi. Lakini ule mstari ndo ulioniokoa. Ningekuwa na risiti ya wengi imeandikwa "ovahoo ya injini" na jumla chini, sijui ningeanzia wapi.

Kwa wasiojua hii 0.25 ni nini. Krenki ni ile shafti inayozungushwa na pistoni, na sehemu zake za duara zinazokaa ndani ya beringi, mafundi wanaita jonali, zikilika au zikiwa na mikwaruzo zinapelekwa kwenye mashine zinachongwa mpaka ziwe laini na duara kamili tena. Sasa ukishachonga shafti imekuwa nyembamba, beringi ya zamani haitaibana, kwahiyo unanunua beringi nene zaidi kufidia. Ukichonga milimita 0.25 unaweka beringi ya 0.25, ukichonga 0.50 unaweka ya 0.50. Krenki ambayo haijawahi kuchongwa inavaa beringi ya standadi, na nyuma ya beringi kiwandani wanagonga muhuri, STD au 0.25 au ipi, ili mtu asikosee. Nafasi inayobaki kati ya jonali na beringi ni ndogo mno, kwenye injini yangu kitabu kinataka kati ya 0.02 na 0.05 ya milimita, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Oili ndo inakaa kwenye hiyo nafasi, inabeba shafti isiguse chuma. Nafasi ikiwa kubwa oili inakimbia pembeni, presha inashuka, chuma kinaanza kugonga chuma. Kugonga kwa gari yangu kulikuwa ndo huko.

Basi gari ikavutwa. Gereji wakasema ileteni hapa tuifungue tuangalie. Na hapa ndo watu wengi wanapoteza kesi, tena kwa nia njema kabisa. Ukiipeleka ukawaachia funguo, ukirudi jioni utakuta injini iko wazi, beringi mpya ziko ndani, na unaambiwa ilikuwa oili mbaya uliyoweka wewe. Huna la kusema, vitu vyenyewe hujaviona.

Kuna mzee mmoja fundi wa injini, kazi hii ameifanya zaidi ya miaka thelathini, nikampigia. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, gari usiwape, lakini nafasi wape." Nikamuuliza tofauti yake nini. Akanieleza kwamba nikimpa fundi mwingine aifungue kimya kimya, gereji watasema huyo fundi wako ndo ameharibu, au ndo amebadilisha beringi, na watakuwa na haki ya kusema hivo maana hawakuwepo. Lakini nikiwaandikia, nikawaambia tatizo ni hili, gari iko mahali fulani, itafunguliwa siku fulani saa fulani, karibuni mje na fundi wenu, wakija wameona, wasipokuja wamekataa wenyewe kwa maandishi. Na hata mbele ya sheria sehemu nyingi ndo hivo, aliyefanya kazi anatakiwa apewe nafasi ya kuangalia na kurekebisha kabla hujaenda kwa mwingine ukamletea bili.

Kwahiyo gari ikakaa kwangu, na mi nikaandika barua. Ukurasa mmoja. Tarehe waliyonikabidhi gari, kilomita siku hiyo, kilomita ilipoanza kugonga, taa ya oili, alichoniambia fundi kwenye simu, na siku ya kufungua. Hamna matusi, hamna "nyie wezi". Nilikuwa na hasira jamani, niliandika barua ya kwanza usiku nikaifuta yote asubuhi, maana ile barua siku moja inaweza kusomwa na mtu wa tatu, hakimu au msuluhishi, na huyo anataka tarehe na kilomita. Nikaituma kwa imeli na nakala nikaipeleka kwa mkono ikasainiwa.

Mzee akaja siku iliyofuata na vitu vitatu. Cha kwanza alichukua rangi ya kucha, nyekundu, akapaka kila bolti ya sampu ya oili, lile karai la chini ya injini, tone moja linaloshika bolti na sampu kwa pamoja. Mtu yeyote akigusa ile bolti rangi inakatika. Tukapiga picha zote. Cha pili akafungua swichi ya presha ya oili akafunga geji yake pale pale, tukawasha injini kwa muda mfupi tu ipate moto. Ikiwa sailensa geji ilisoma 0.4 bar. Akapandisha mpaka mizunguko 3,000 ikafika 1.6. Mafundi wana kipimo chao cha haraka, kwa kila mizunguko elfu moja utegemee kama 0.7 bar, kwahiyo kwenye elfu tatu ilitakiwa iwe mbili na ushee. Video ikachukuliwa, dashibodi inaonekana, geji inaonekana, kelele inasikika. Akazima.

Cha tatu ndo kilinishangaza. Alitoa filta ya oili akaikata. Nikamletea grainda akakataa kabisa, akasema grainda itarusha chembe zake za chuma ndani halafu kesho wanakwambia hizo chembe ni za grainda. Alikuwa na kikatio chake cha gurudumu kinachozunguka kama kopo linavofunguliwa. Akatoa ile karatasi ya ndani iliyokunjwa kunjwa, akaikata vipande, akaikamua, akaitandaza kwenye sinia jeupe juani.

Ilikuwa inametameta. Kama mtu amemwaga vumbi la dhahabu. Akapitisha sumaku, hakikushika kitu cha maana, vichache tu. Akaniambia sasa unaona, hii sio chuma cha ringi wala cha silinda, chuma kingeshikwa na sumaku, hizi ni kopa na zile metali laini za beringi. Beringi ina mgongo wa chuma, juu yake tabaka la kopa au aluminiamu, na juu kabisa tabaka laini jembamba sana. Ukiona kopa kwenye filta tabaka la juu limeshaisha. Tukaweka oili kidogo kwenye chupa safi, na filta kwenye mfuko, juu nikaandika tarehe na kilomita.

Gereji wakajibu barua siku ya nne. Kwa meseji. Mambo matatu: oili niliyotumia sio nzuri, nimeendesha kwa spidi injini ikiwa mpya, na huenda niliichemsha. Nawaambia ukweli nilivyosoma nilitetemeka, kwa sababu ndo maneno yale yale kila mtu aliyewahi kugombana na gereji anayasikia, na ukiyasikia bila kitu mkononi unaanza kujiuliza labda kweli ni mimi. Lakini nilivokaa nikatulia nikaona kila moja lina jibu. Oili ya kwanza waliweka wao. Ya pili, kwenye kilomita 500, walibadilisha wao wenyewe, namba ya oili iko kwenye risiti yao. Kuchemsha, injini iliyochemka inaacha alama, hedi inapinda, ukiilaza rula ya chuma iliyonyooka juu yake na kupitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, unaona, na kuna gereji zinabandika kabisa vidude vidogo vya kuonyesha joto kwenye hedi na bloku, katikati yake panayeyuka ikipita takriban nyuzi 120, kwa ajili ya ugomvi kama huu. Wao hawakubandika. Nikawajibu kwa mistari mitatu, kila dai mstari wake, na nikamalizia kwamba siku ya kufungua iko pale pale.

Walikuja. Bosi mwenyewe na fundi wake kijana. Mzee akawaonyesha rangi kwenye bolti, akamwomba yule kijana athibitishe haijakatika, kijana akasema haijakatika. Tukamwaga oili, sampu ikashuka. Uzuri ni kwamba kwa kuangalia beringi za konrodi huhitaji kutoa injini, ukishatoa sampu unazifikia kwa chini. Mzee akamwambia kijana afungue yeye, sio mzee, kijana wa gereji afungue kwa mkono wake. Hiyo ilikuwa busara kubwa sana, maana baadae hakuna aliyeweza kusema tumechezea.

Konrodi ya kwanza, beringi imekwaruzika. Ya pili vile vile. Ya tatu kifuniko kilivyotoka nusu ya beringi ilikuwa imegeuka rangi kabisa, kopa iko nje, nyekundu, na pembeni imesukumwa kama siagi. Kijana akaishika. Mzee akamwambia taratibu, "Igeuze nyuma, baba, utusomee."

Akaifuta na kitambaa. Akakaa kimya. Mzee akarudia, tusomee.

"STD."

Herufi tatu ndogo zimegongwa kwenye mgongo wa chuma. Nilitoa invoisi nikaiweka kwenye stuli karibu na beringi, mstari wa nne unaonekana, 0.25, nikapiga picha moja yenye vyote viwili. Ile picha nilikuja kuitumia kuliko kitu kingine chochote.

Bosi akasema labda stoo walikosea kutoa spea, krenki imechongwa ila beringi ndo imekosewa. Mzee hakubishana, alichukua maikromita, kifaa cha kupimia unene mpaka sehemu ya mia ya milimita. Jonali mpya kwenye injini hii inatakiwa isome kati ya 47.98 na 48.00, ingekuwa imechongwa 0.25 ingesoma kwenye 47.75 hivi. Ya tatu ikasoma 47.93 upande mmoja, akazungusha nyuzi 90, ikasoma 47.90. Kwahiyo kwanza haikuchongwa, na pili ilikuwa sio duara tena. Na ukiangalia kwa karibu na tochi kuna mistari myembamba imelala mshazari, ya msasa. Mtu alichukua msasa akaizungusha kwa mkono mpaka ikang'aa, akavalisha beringi mpya za standadi juu ya shafti iliyolika, akafunga. Nafasi iliyotakiwa isizidi 0.05 ilikuwa imepita 0.1.

Sikupiga kelele. Kusema kweli nilitaka kulia, kwa sababu nilikuwa nimelipia kazi ya mashine ambayo haikuwahi kufanyika, na mtu aliniangalia usoni siku ya kukabidhi gari akaniambia "safi kabisa dada". Kosa la bahati mbaya nalielewa, fundi ni binadamu. Kuandika kazi ambayo hujaifanya kwenye karatasi na kuchukua hela yake ni jambo lingine kabisa na nitaendelea kusema hivo.

Tukaandika pale pale karatasi ya yaliyoonekana: vipimo, alama za nyuma ya beringi zote, majina ya waliokuwepo. Bosi hakutaka kusaini kwamba ana kosa, nikamwambia usisaini kosa, saini kwamba vipimo hivi vimesomwa mbele yako. Hapo akasaini. Beringi zote nikazichukua mimi, kila moja kwenye mfuko wake na namba ya silinda.

Ofa yao ya kwanza ilikuja jioni, watabadilisha beringi bure. Inaonekana ukarimu, lakini beringi mpya kwenye krenki ile ile isiyo duara ni kurudia safari ile ile. Ofa ya pili, wachonge krenki, hela ya spea nilipe mimi. Nikakataa na hiyo nikawaeleza kwanini, metali ya beringi imeshazunguka injini nzima na oili, imepita kwenye pampu, imeenda juu kwenye kamshafti, imekaa ndani ya njia za oili za krenki. Lazima injini itoke, plagi za njia za oili zitolewe zisafishwe kwa brashi, pampu ibadilishwe, kama kuna oili kula (kile kipozeo cha oili) nayo ioshwe au ibadilishwe. Nikaandika ninachotaka, namba moja mpaka saba, ikiwemo karakana ya kuchonga niichague mimi na itoe vipimo kwa maandishi, gharama ya brekidauni, na malipo ya ukaguzi wa mzee. Nikawapa siku 14. Nikaambatanisha picha ile, na nikasema baada ya hapo napeleka kwenye mahakama ya madai madogo. Nilikuwa nimeshauliza fomu inajazwaje, sikutishia kitu ambacho nisingekifanya.

Katika hizo siku watu wengi waliniambia nimwage jina lao mtandaoni. Sikufanya hivo na hata leo sifanyi. Ukishamwaga jina unapoteza kitu cha mwisho walichokuwa wanakiogopa, na wao wanapata cha kukushitaki. Pia gari yangu ilikuwa kwangu, hiyo ilinisaidia sana, maana ukiwa na ugomvi na gari iko ndani ya gereji, sehemu nyingi sheria inawaruhusu kuishikilia mpaka ulipe. Rafiki yangu mmoja yalimkuta, ushauri aliopewa ni kulipa ili gari itoke lakini aandike kwenye risiti na kwenye barua kwamba analipa akiwa hakubaliani na anahifadhi haki ya kudai. Bila hayo maandishi kulipa kunaonekana kama umeridhika.

Siku ya 11 wakapiga simu. Wakakubali kulipia karakana, spea zote za chini, pampu, brekidauni. Ufundi wa kufunga wakataka wafanye wao, mi nikakataa, tukakubaliana afunge mzee na wao walipe nusu ya ufundi. Nusu nyingine nimelipa mimi, na iliniuma, lakini nilipiga hesabu ya miezi ya kwenda na kurudi mahakamani gari ikiwa imekaa nikaona bora.

Karatasi ya makubaliano waliyoileta ilikuwa na sentensi "mteja hatakuwa na madai yoyote sasa na baadae kuhusu injini". Nikaomba ibadilishwe. Walikuwa walifunga wao pistoni, ringi na hedi pia, hivyo vyote sikuviona kwa ndani, nitasamehe vipi kitu sijakiona? Ikaandikwa upya kwamba makubaliano ni ya krenki, beringi na pampu, na sehemu nyingine walizofanya zina garantii ya miezi 6 kuanzia siku gari inawaka. Na mzee alivyoifunga injini ikawaka, akapima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) silinda zote ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, silinda zote 4 hazikupishana zaidi ya asilimia 10. Namba ziko kwenye karatasi, nakala wanayo.

Krenki ilichongwa, ikatoka 47.73 jonali zote nne, beringi 0.25 zimesomwa nyuma moja moja mbele yangu kabla ya kufungwa. Presha ya oili injini ikiwa ya moto na iko sailensa ni 1.3 bar. Kwenye kilomita 500 tumekata filta tena, sinia lile lile jeupe, juani, karatasi ilikuwa nyeusi ya oili tu hamna kinachometa.

Mifuko ya beringi bado iko kabatini na namba zake. Miezi 6 inaisha baada ya wiki kumi, nitaitunza mpaka siku hiyo.